Jina Lako Bado Liko Ukutani

Ghala la Sare,
Kikosi cha Walinzi wa Mnara,
Jumatano, 11 Juni.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza, maana nikianza na yaliyo moyoni nitasahau adabu. Hujambo? Mguu unaendeleaje na baridi hii? Mama Mdogo hajambo? Na wale wadogo zangu wawili ninaowajua kwa sauti tu, wanakua? Yule wa mwisho ameshaota meno ya mbele? Mara ya mwisho alinisalimia kwenye simu kwa kithembe, nikacheka siku nzima.

Sisi huku tunapumua. Bibi ni mzima isipokuwa magoti, nayo magoti yale yana maneno kuliko yeye mwenyewe. Baba naye mzima, ila hasemi nami tangu wiki iliyopita. Ananipita na mkoba wake wa spana kama vile mimi ni bomba lisilovuja.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu, Baba Mdogo, kila nikifika kwenye neno "ukuta," mtandao wako unakatika. Sikulaumu, lakini ni mtandao gani huo unaojua kuchagua maneno? Karatasi haikatiki. Hata ukiikunja ukaiweka chini ya boksi la minyororo ya baiskeli, siku utakayoikunjua itaendelea palepale ilipoachia.

Naandika nimesimama, kwenye meza ya pasi. Kukaa siwezi. Tangu wiki iliyopita nikikaa mguu unacheza wenyewe, nikila naacha sahani naenda kuchungulia dirishani, na hakuna ninayemngoja. Kazi yangu ni kusimama bila kutikisika, na leo hata kalamu siwezi kuituliza. Utanisamehe mwandiko.

Nitaandika yote, pamoja na yale unayoyajua. Katika familia yetu mambo yamekuwa yakisemwa nusunusu, na nusu hizo ndizo zilizotufikisha hapa.

Hujawahi kuniuliza kazi yangu ikoje, nami najua kwa nini. Basi nakueleza bila kuulizwa. Mnara wetu ni ukuta wa mawe meusi, mrefu kama mabasi matatu yaliyofuatana, wenye majina mia tatu na ishirini ya askari waliokufa kazini. Mlinzi husimama mbele yake saa moja kamili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, zamu kumi kwa siku. Visigino vimegusana, kidevu juu, macho kwenye dirisha la tatu la posta iliyo ng'ambo ya barabara. Saa kubwa ya posta huitazami. Ukiitazama umekwisha, dakika zinagoma. Glavu nyeupe tunazilowesha kidogo ili kitako cha bunduki kisiteleze. Jasho halipanguswi. Nzi akitua puani, huyo ni mgeni rasmi, mwache atalii. Watoto wa shule wanakuja kukukonyeza na kukutolea ndimi, nawe unakuwa kama mtu asiye na meno wala shingo.

Hayo ni ya mwili, na mwili hufundishika. Kuna moja ambalo si la mwili.

Kila zamu inaposhikwa, sajenti anaita jina moja kutoka ukutani, kwa mpangilio, kwa sauti ya kufika barabarani. Mlinzi anayeingia anajibu, "Nipo badala yake!" Kisha anasimama saa nzima kwa ajili ya mtu huyo mmoja tu. Majina kumi kwa siku. Siku thelathini na mbili ukuta mzima unakuwa umeitwa, na kesho yake tunaanza upya. Ndivyo ilivyokuwa tangu ukuta ujengwe. Haikuachwa hata siku ile ya mvua ya mawe, wanasimulia, ambapo mlinzi alitoka zamu ana nundu tatu kichwani.

Niliipenda desturi hiyo kuliko sare. Nikitoka zamu nilikuwa naenda kwa karani wa kumbukumbu kumuuliza, huyu niliyemsimamia leo alikuwa nani? Nikaambiwa huyu alikuwa mpishi, huyu fundi redio, huyu alikuwa hajui kuogelea na alijitosa. Nikawa nawajua kama majirani.

Siku niliyokuja nyumbani na glavu nyeupe, Bibi alipiga kigelegele kimoja akakikata katikati. Baba akaniita nyuma ya nyumba kwenye tangi la maji, akajifanya anakaza koki ambayo haikuwa imelegea.

"Kuna jina pale ukutani," akasema, "mwenyewe hajafa."

Ndivyo nilivyojua, mimi wa mwisho. Nilikuwa na miaka tisa tulipokulilia, na miaka ishirini na tatu nilipoambiwa nilikulilia bure. Nikaambiwa kwamba lori lilipolipuka pale mtoni wewe ulirushwa nje; kwamba watu wa ng'ambo walikuokota, ukalala kwao miezi mitatu na mguu uliovunjika; na ulipoweza kusimama ukasikia kwenye redio umeshazikwa, wewe na wenzako watano, kaburi moja kwa sababu moto haukuacha cha kutofautisha. Ukaogopa kurudi, usije ukaambiwa ulitoroka. Siku ikawa mwezi, mwezi ukawa mke na karakana ya baiskeli. Baada ya miaka kumi na moja ukampigia Bibi simu. Bibi akamwambia Baba afunge mlango, kisha akamwambia afunge na mdomo.

Mimi sikuhukumu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini kitanda hiki, Baba Mdogo, kuna mtu mwingine amekilalia pamoja nasi na hakujua.

Unamkumbuka dereva wenu. Jina lake liko juu ya lako, ukutani mnafuatana. Mama yake huku tunamwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha hesabu miaka thelathini na bado anatembea kama ana chaki mfukoni. Hakuwa na mtoto mwingine. Amezitengenezea zile siku thelathini na mbili kalenda yake mwenyewe, na jina la mwanawe linapoitwa yupo, na kigoda chake cha kukunja na mwavuli. Anakaa saa nzima. Saa inapokwisha na likaitwa jina lako, haondoki. Nilimsikia siku moja akimweleza mfagiaji aliyemuuliza mbona hachoki. "Huyu naye ana mama," akasema, "ila magoti hayamruhusu kuja. Walikuwa gari moja. Namkalia."

Anamkalia Bibi. Kila mwezi. Kwa ajili yako.

Nimeiacha barua hapo nikaenda kuzunguka rafu za makoti mara mbili. Nimerudi.

Miaka miwili nilikuwa nakwepa. Tuna mlinzi mwenzetu, Twiga, mrefu hata milango inamwinamisha. Kila jina lako lilipoangukia zamu yangu, yeye alinichukulia, nami nikamchukulia zamu za saa nane za jua kali. Nilimwambia ni jina la ndugu yangu, nikilisikia nitalia mbele za watu. Twiga ni mtu wa maneno machache. Alisema tu, "Jua silipendi hata hivyo."

Jumanne ya wiki iliyopita Twiga aliamka shavu limevimba kama amemeza chungwa. Jino. Akapelekwa kung'olewa. Sajenti wetu, ambaye tunamwita Afande Saa kwa vile hata watu wa posta wanarekebisha saa yao kwake, akafuta ubao akaandika zamu upya. Nikatazama. Saa sita mchana, mimi. Saa sita mchana, wewe. Nilizunguka bwaloni nikitafuta wa kubadilishana naye. Mmoja alikuwa ametoka zamu sasa hivi, mwingine yuko likizo, mwingine viatu vyake viko kwa fundi. Nikarudi kwenye ubao kama vile chaki ingebadili mawazo.

Nikajiambia ni maneno matatu tu. Nimeyasema mara ngapi? Nayasema hata usingizini, Bibi ni shahidi.

Nilitoka. Vile vyuma vya visigino vilikuwa vinalia kwenye mawe, kah, kah, nami nahesabu hatua. Mwalimu alikuwa kwenye kigoda chake, ameshamaliza saa ya mwanawe, anahamisha mwavuli kufuata jua. Nilipompita alinitingishia kichwa kidogo, kama anavyomtingishia mwanafunzi anayekwenda ubaoni. Nikasimama. Afande Saa akaita cheo chako na majina yako yote matatu.

Sikujibu.

Sikupanga, nakuapia. Nilifungua mdomo, ulimi ulikuwepo, pumzi ilikuwepo. Lakini kwa pembe ya jicho nilimwona Mwalimu amejisogeza mbele kidogo, midomo yake inacheza, ananisaidia kukumbuka jibu. Hapo nikaufunga mdomo.

Kanuni inaruhusu jina kuitwa mara mbili. Afande akaita tena. Nilikuwa naisikia bendera ikijipiga kwenye mlingoti. Kanuni hiyohiyo inasema jina lisipoitikiwa mara ya pili, mlinzi anayetoka hatoki; anabaki saa nyingine. Koplo niliyekuwa nampokea akabaki, maskini, hajui hata kosa lake. Nami nikasikia nyuma yangu, "Nyuma... geuka!" Nikageuzwa nikapelekwa ofisini.

Afande Saa alifunga mlango. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi.

"Unaumwa?"

"Hapana, afande."

"Umesahau maneno?"

"Sijasahau, afande."

"Basi nini?"

"Afande, siwezi kuwa badala ya mtu aliyepo."

Akaniangalia. Akaweka kifuniko cha kalamu. Akaniambia, "Rudia," nikarudia, kisha nikamweleza kuanzia mtoni mpaka kwenye baiskeli, yote, kwa sababu uongo mmoja huzaa mwingine na mimi nimechoka kulea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimemwita mtu yule kila mwezi kwa miaka tisa," akasema.

"Ndiyo, afande."

"Na yeye yuko anaziba pancha."

"Ndiyo, afande."

Alisimama akaenda dirishani. Kutokea pale unauona ukuta wote. Mwalimu alikuwa bado amekaa kwenye kigoda, hakuondoka ingawa jina halikuitikiwa. "Na yule mama yuko juani," Afande akasema, si kwangu. Kisha akageuka. "Ripoti lazima niandike. Itaondoka Ijumaa mchana. Sitaki mama yule ayasikie haya kwenye karatasi ya ofisi. Leo Jumanne. Umenielewa?"

Nilimwelewa, lakini kuelewa na kutenda ni njia mbili. Jumanne ile nilifika nyumbani nikazungumza habari za jino la Twiga. Jumatano nikafua vitu visivyo vichafu. Alhamisi mchana ndipo nilipomwambia Bibi, alikuwa anachambua mchele, na Baba alikuwa mlangoni anavua viatu.

Baba aliruka na kiatu kimoja. "Umemuuza baba yako mdogo!" akasema. "Umemuuza kwa maneno matatu!" Nikamjibu kwamba kosa langu ni kutoyasema hayo maneno matatu. Hakuwa katika hali ya kupokea mzaha, wala mimi sikuwa natania. Tulipandishiana mpaka jirani akapunguza redio ili asikie vizuri.

Bibi hakuinua kichwa. Alitoa kijiwe kimoja, akakitazama, akakitupa. Kisha akasema, "Nyamazeni. Mlango niliufunga mimi. Acheni niufungue mwenyewe." Akaomba viatu vyake vya kutokea.

Mama yako alitembea, Baba Mdogo. Kutoka nyumbani mpaka kwa Mwalimu, na lile goti la kushoto. Tulipumzika mara tatu, mara ya pili kwenye ngazi za duka la vioo, akajiona kwenye kioo akakaza kilemba.

Mwalimu alitupokea vizuri mno. Sebule yake ina ubao mdogo ukutani, ameandika vitu vya kununua: sabuni, chumvi, betri. Buti za mpira za mwanawe ziko chini ya kabati, zimeelekezwa mlangoni. Alibandika maji ya chai jikoni, akarudi akaniuliza kama nimepona, maana aliniona siku ile nimezidiwa na jua. Bibi alikaa, akainuka, akashika mgongo wa kiti.

"Mwenzangu," akasema, "mwanangu yu hai."

Mwalimu akatabasamu kwa huruma. "Hata mimi huwa namwota wangu."

"Si ndoto. Ana mke na watoto wawili. Anatengeneza baiskeli."

Nilitazama dirisha, dirisha lolote. Jikoni kifuniko cha birika kilianza kugongagonga na hakuna aliyekwenda.

"Umejua tangu lini?"

"Miaka mitano."

"Miaka mitano," Mwalimu akarudia, polepole, kama mtu anayekagua jumla. "Kila mwaka siku ya kuweka mashada ukutani tunakaa viti viwili vya mbele, mimi na wewe. Unanishika mkono."

"Nilikushika."

"Ulikuwa unanishika au unanizuia?"

Bibi aliuachia mgongo wa kiti, akakaa. Kisha likaja lile nililokuwa naliogopa bila kulijua. Mwalimu alisogea, sauti imebadilika, imekuwa nyembamba kama ya msichana. "Na wangu?" akauliza. "Wangu yuko wapi? Naye anafanya kazi gani?"

Bibi akasema, "Wako alikufa, mwenzangu. Wangu alimwona."

Mwalimu aliketi. "Alimwona," akasema. "Kumbe kuna aliyemwona." Akainuka, akaenda jikoni, akazima jiko. Akarudi akafungua mlango wa nje. "Tokeni nyumbani kwangu. Tafadhali."

Wakati wa kurudi Bibi hakupumzika hata mara moja. Alipofika alipanda juu ya kigoda mwenyewe, akakataa mkono wangu, akaishusha ile nishani waliyotupa tulipokulilia na picha yako ya gwaride kutoka sebuleni. Picha aliiweka chumbani kwake. Nishani aliifunga kwenye kitambaa akampa Baba airudishe. Ukuta umebaki na msumari, na kila anayeingia anautazama.

Ijumaa ripoti iliondoka.

Basi ndiyo habari, Baba Mdogo. Nimekuchongea, sikatai. Jina lako liko mezani kwa wakubwa, na mahali ulipo wanapajua. Karani ameniambia watakuandikia. Afande Saa anasema mtu anayejitokeza mwenyewe husikilizwa tofauti na anayetafutwa, na kwamba askari aliyevunjika mguu hawezi kuambiwa alikimbia. Lakini Afande si hakimu, nami sitakuahidi nisichoweza kukibeba. Naogopa. Nakuogopea. Wakati mwingine najiogopa mwenyewe, nikikumbuka jinsi pumzi ilivyonirudia vizuri nilipomaliza kumwambia.

Mimi nimetolewa ukutani. Mwisho wa mwezi nitakaa mbele ya kamati. Kwa sasa nang'arisha vifungo na kuhesabu makoti humu ghalani. Twiga ananiletea habari, na pengo lake la jino linampigia filimbi kila akisema "sajenti." Fundi mawe alikuja na patasi zake akaambiwa asubiri. Jina lako bado liko ukutani. Zamu yake ijayo ni tarehe tano Julai, na Afande ameshasema yeye hataliita. Mlinzi wa saa ile atasimama bila jina, jambo ambalo hakuna ajuaye linafanywaje.

Nisalimie Mama Mdogo, mwambie natamani siku moja anifundishe ile sauti ya kucheka anayocheka. Wabusu wadogo zangu. Bibi anakusalimu, anasema ule, uvae soksi, na usimpigie simu kwanza mpaka umemaliza hili ninalokueleza hapa chini. Baba hajui kama naandika, lakini najua angekusalimu, kwa hiyo pokea zake. Twiga hakujui, naye anakusalimu.

Nilitaka kufunga bahasha, lakini kimebaki kile hasa kilichonifanya niandike.

Jana asubuhi niliitwa getini. Alikuwa Mwalimu, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni, bahasha mbili mkononi. Nilisimama mguu sawa bila kuamriwa. Aliniuliza kwanza, "Watakufukuza?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Na wewe sijakusamehe. Bado nakokotoa." Kisha akanipa bahasha moja isiyofungwa na nyingine tupu yenye stempu na anwani yake.

Ni mtihani, Baba Mdogo. Sikutanii. Karatasi mbili za miraba, pambizo limepigwa kwa rula, na juu ameandika kwa mwandiko ule wa ubaoni: Jibu maswali yote. Yako saba. Ilikuwa saa ngapi. Nani alikaa mbele pamoja naye. Je, asubuhi ile alikuwa amekula, na alikula nini. La nne nililisoma nikaikunja karatasi, nikatembea mpaka mwisho wa ghala nikarudi; utalisoma mwenyewe. Anataka kujua kama alivaa ile sweta ya ndani aliyomtumia. Anataka kujua kama kulikuwa na kosa lake katika uendeshaji, na chini yake ameandika kwa herufi ndogo, Sema kweli. Kila swali ameliachia mistari mitatu.

La saba si swali. Ameandika: Nieleze safari ile tangu mlipoondoka. Na hapo ameacha karatasi yote ya pili.

Mjibu yeye. Usimpitishie Bibi, usinipitishie mimi. Kama wakubwa wakikuita nenda, na kama ukiogopa kwenda ogopa, lakini karatasi hii ijaze kwanza. Nilimuuliza pale getini nikuambie uirudishe lini, maana mitihani ina muda. Alitazama barabara kidogo.

"Mwambie achukue muda wake," akasema. "Na umwambie sitasahihisha. Nitasoma tu."

Mungu akupe mkono usiotetemeka, akulinde wewe na wako huko mliko, na mguu wako upate nafuu.

Ni mimi nikupendaye hata hivyo,

Binti wa kaka yako.